Kilichokatwa Chini ya Stika



Vijana wenzangu, Kwaresima hii nimeombwa niandike kidogo kuhusu Sakramenti ya Kitubio. Nimekaa na ombi hilo wiki mbili, maana wapo wenzangu wanaoijua teolojia kuliko mimi. Mimi ni fundi. Basi nitaanzia kazini, kwenye magari, na mnivumilie kama mwanzoni hamwoni tunakwenda wapi.

Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kubandika stika za kulinda rangi ya gari. Wengi wanaiita PPF. Siyo tinti ya vioo, ingawa nayo tunaweka. Hii ni plastiki angavu, unene wake kati ya milimita 0.15 na 0.2, inabandikwa juu ya rangi kuanzia boneti na bampa mpaka milango. Ikibandikwa vizuri huwezi kujua kama ipo. Zamani zilikuwa vitu vya jeshi: Wamarekani walizibandika kwenye panga za helikopta wakati wa vita vya Vietnam ili mchanga usizile. Za siku hizi zimeongezewa tabaka la juu lenye tabia ya kushangaza. Likikwaruzwa kidogo, kisha likapata joto, linarudi lilivyokuwa. Jua linatosha, au jagi la maji ya moto. Unamwaga, unatazama, mistari inapotea mbele ya macho yako. Mara ya kwanza nilipoona nilicheka peke yangu kama mtoto.

Siyo uchawi. Plastiki ile imeundwa kwa nyuzi ndogo sana zilizoshikana kwa namna ya mpira. Mkwaruzo mwepesi unazisukuma tu pembeni. Joto linazilegeza, zinarudi mahali pake. Lakini ukipitisha wembe ukazikata, hapo hata ukimwaga birika zima hakuna kinachorudi. Kwenye matangazo wanasema tu kwamba stika inajiponya, sentensi inaishia hapo. Mafundi ndio tunaobaki kuwaeleza wateja nusu iliyobaki, na mara nyingi tunawaeleza wakiwa wamekwisha kukasirika.

Kuna kaka mmoja ana gari jeusi. Mwenye gari jeusi ana mateso yake. Vijana wanaoosha magari barabarani wanatumia tambara lile lile tangu asubuhi, lina mchanga. Gari linang'aa kweli, ila ukilitazama juani unaona mistari ya duara kama utando wa buibui. Huyu kaka wiki ya pili tu baada ya kubandikiwa aliiona hiyo mistari, akanipigia kwa hasira: nimelipa mamilioni ili iweje? Nikamwambia, kaka, liache juani mpaka saa nane halafu unipigie. Saa saba na nusu akapiga, anacheka.

Sasa kwa huyo nataka tukae kidogo, kwa sababu ni picha nzuri ya maisha yetu ya kila siku. Umemjibu mama vibaya asubuhi. Umecheka utani usiofaa kwenye grupu. Umesali ukiwa na simu mkononi. Hizo ndizo zile Kanisa linaziita dhambi ndogo, na Mtakatifu Yohane katika waraka wake wa kwanza (5:16-17) anazitofautisha na dhambi ya mauti. Dhambi ndogo inajeruhi upendo lakini haiuui. Na hapa Katekisimu (KKK 1394) inatufundisha jambo ambalo vijana wengi hatulijui: Ekaristi yenyewe inazifuta dhambi ndogo, kwa sababu inatuwasha upendo upya. Sala, majuto ya kweli, tendo la huruma kwa maskini, vyote hivyo ni joto. Kwa hiyo wewe unayekaa benchi la nyuma bila kukomunika kwa sababu ulimkasirikia dada yako jana, sogea mbele bwana. Toa gari kwenye kivuli. Kuziungama dhambi ndogo ni jambo jema sana na Kanisa linatuhimiza, ila usijinyime Mkate wa uzima kwa utando wa buibui.

Lakini nina wateja wengine.

Mama mmoja alikuja na X-Trail iliyotoka Japani, imetumika. Nilimwamkia, akaniambia moja kwa moja kwamba yeye hahitaji stika, gari lake lina rangi inayojiponya tangu kiwandani, muuzaji alimwambia. Alitaka nimweleze tu kwa nini haijiponyi. Na hakuwa amedanganywa kabisa. Nissan walitangaza rangi ya namna hiyo Desemba 2005, waliitengeneza pamoja na Nippon Paint. Mkwaruzo mwepesi ungepotea kati ya siku moja na wiki moja kutegemea joto na kina chake. Ila wenyewe walisema nguvu hiyo ni ya kama miaka mitatu. Gari la mama lilikuwa limezidi miaka kumi. Limepigwa jua la huko, limevuka bahari, limepigwa jua la huku. Nikamwambia, mama, hata kama ilikuwepo, imeshakwisha. Akaniangalia kama mtu aliyefiwa.

Nilimkumbuka huyu mama kanisani. Tuko wengi tunaendesha kwa rangi ya zamani. Nilipata Komunyo ya Kwanza darasa la nne, Kipaimara kidato cha pili, nilikuwa mtumishi wa altare. Tunahesabu kama vyeti. Alama ya Ubatizo haifutiki, hilo ni kweli na ni imani yetu. Lakini bidii ya kijana wa miaka kumi na mbili haiwezi kumlinda mtu wa ishirini na sita anayeishi mjini, ana mshahara, ana simu, na hajaungama tangu Pasaka ya mwaka ambao hata haukumbuki vizuri.

Mwingine alikuwa dereva wa mtu. Bosi wake alisafiri, yeye akakwaruza bampa getini. Aliogopa kutuletea, akaazima mashine ya hewa ya moto kwa fundi wa jirani akaisogeza karibu kabisa ili ipone haraka. Ikavimba, ikaungua, ikawa na doa jeupe kama la mtu aliyemwagikiwa uji. Tuliibandua ile stika, na chini yake rangi ilikuwa nzima kabisa. Angekuja mapema tungemaliza kwa dakika kumi.

Na yupo mmoja nisiyemsahau, kijana wa rika letu, alikuwa anatembea na brashi ya waya kwenye dashibodi. Kazi yake kuwaonyesha watu. Kila akikutana na marafiki anakwangua boneti krrr, anamwaga maji ya moto, wanashangilia. Kwa kweli inafurahisha, sisi wenyewe tunafanya hivyo kwa wateja. Lakini yeye alifanya kila wiki, sehemu ile ile, na kila mara anakandamiza zaidi. Baada ya miezi kadhaa alirudi na duara limepauka, halirudi tena. Akadai tumembandikia feki. Mimi nilimwelewa kuliko alivyojua. Nimewahi kusema, tena kwa mdomo wangu, ngoja nifanye tu, Jumamosi nitaungama. Kanisa lina jina la hilo: kuitegemea huruma ya Mungu bila nia ya kuongoka, na linalihesabu kuwa ni dhambi dhidi ya tumaini. Msamaha unageuka kuwa maonyesho ya brashi.

Sijasema habari ya kinyesi cha ndege na utomvu wa miti. Hivyo siyo mikwaruzo, ni madoa, na jua haliviponyi, linavichoma ndani. Hilo jua la saa saba lililomponya yule kaka mwenye gari jeusi ndilo linaloharibu gari la mwenzake aliyeacha uchafu wiki nzima. Basi, futa mapema. Tuendelee.

Sasa nije kwenye kile ambacho sikutaka kukiandika.

Mwaka juzi mwezi wa kumi na moja mzee mmoja alileta gari jeupe. Alikuwa ametoka kustaafu, amelinunua kwa kiinua mgongo chake. Hela haikutosha kufunika gari zima, akaomba boneti, bampa na milango miwili ya mbele. Nilifanya kazi na dogo mmoja aliyekuwa anajifunza kwetu, ana miezi miwili tu. Siku ile ilikuwa Jumamosi na nilikuwa na mazoezi ya kwaya saa kumi. Pale kwetu kuna sheria: kwenye kona ngumu usikatie stika juu ya gari kwa wembe, tumia utepe wenye uzi, unaubandika kwanza halafu unavuta uzi unakata wenyewe bila kugusa rangi. Unachukua muda. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kumwimbia Mungu, nikachukua wembe.

Kwenye kitasa cha mlango wa dereva mkono uliteleza. Mstari wa kama kidole kidogo. Nilimulika kwa tochi ya simu, nikaona wembe umepita stika, umepita rangi, umefika kwenye bati. Rangi ya gari na ile glosi ya juu yake, vyote kwa pamoja, ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Hakuna ukuta hapo.

Dogo alikuwa upande wa pili anasafisha bampa. Nikabandua kile kipande, nikakata kingine kikubwa kidogo, nikakibandika juu. Gundi ikaujaza ule mstari. Nikakandamiza maji yakatoka, nikapitisha hewa ya moto, nikafuta kwa taulo. Haukuonekana. Nawaambia kweli, hata mimi niliyejua ulipo nilikuwa nautafuta.

Mzee alirudi saa tisa na nusu. Akapitisha kiganja mlangoni taratibu, akasema, mwanangu, Mungu akubariki. Akanipa elfu kumi ya soda. Nikampa dogo elfu tano, nikawahi kwaya.

Nataka mwelewe kilichofuata, kwa sababu ndicho kinachotokea kwa wengi. Hakikutokea kitu. Jumapili nilikomunika. Na Jumapili iliyofuata. Nilijiambia ni kajistari tu, kamefunikwa, na stika inajiponya si ndiyo? Mwanzoni mwa Misa wakati wa kutubu nilijipiga kifua pamoja na wengine, na moyoni nikahesabu kwamba hapo nimeshalipa. Vijana, tendo lile la toba mwanzoni mwa Misa ni zuri na lina neema yake, ila halichukui nafasi ya Sakramenti ya Kitubio. Nilifundishwa hivyo tangu katekesi. Nilijua. Nilichagua kutokujua.

Ikaja masika. Wanaokaa Dar wanajua hewa yetu: ina chumvi ya bahari na joto, bati lililo wazi halina siku nyingi. Maji yaliingia kwenye ukingo wa stika pale kitasani, yakaukuta ule mstari. Mwezi wa sita mzee akaleta gari. Chini ya stika, kwenye ule weupe, kulikuwa na uzi wa kahawia. Mzee hakuwa na hasira, alidhani ni uchafu. Alikuwa amejaribu mwenyewe nyumbani kwa maji ya moto, kama nilivyomfundisha. Mara tatu, alisema.

Bosi alibandua. Mafundi hawahitaji maelezo, mstari ulionyooka namna ile ni wembe. Akauliza, nani alikata hapa? Tulikuwa wanne pale. Akaangalia daftari, akaona majina mawili, langu na la dogo. Akamgeukia dogo. Mimi ni fundi wa miaka minne, dogo ni mwanafunzi. Akili ya kawaida inaelekea huko. Dogo akasema, bosi sijui. Bosi akamwambia, hujui au hutaki kusema? Dogo akaniangalia. Hakuniangalia kwa kunishuku. Alikuwa anategemea nimtetee, maana ndimi niliyekuwa mkubwa wake kazini.

Nikatoa simu mfukoni nikaangalia saa.

Bosi aligharimia mlango upigwe rangi upya, shilingi 350,000. Dogo akaambiwa asije kesho.

Baada ya hapo nilienda kuungama mara mbili, na hapa ndipo nataka mnisikilize zaidi kuliko pote. Mara zote mbili nilisema, nimesema uongo mara kadhaa. Ni kweli nilikuwa nimesema uongo mara kadhaa. Nilichukua sentensi safi, angavu, nikaibandika juu ya kile kitu, nikakandamiza maji yakatoka. Padre hawezi kuona chini ya stika. Akanipa ondoleo kwa kile nilichosema, nikatoka nimejisikia vibaya kuliko nilivyoingia. Katekisimu (KKK 1456) inatumia mfano wa mgonjwa anayeona aibu kumwonyesha tabibu kidonda chake, tabibu naye hawezi kutibu asichokijua. Zaburi ya 32 nayo inazungumza juu ya mtu aliyenyamaza mpaka mifupa ikamchakaa. Nilikuwa nikiisoma kama ushairi. Mwaka jana nilikuwa naamka saa tisa usiku.

Mtaniuliza: lakini hiyo ni dhambi ya mauti kweli? Mkwaruzo wa mlango? Nami nililishikilia sana swali hilo. Tunafundishwa mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, uwe unajua kabisa, na uwe umekubali kwa hiari. Nilikuwa natumia miezi kupima uzito wa ule mstari. Sentimita tano ni nzito? Ni nyepesi? Kumbe mstari ulikwisha kuwa kitu kingine siku nyingi. Kuteleza mkono siyo dhambi hata ndogo. Kuificha ilikuwa uongo na wizi kidogo. Lakini mwezi wa sita nilimwacha kijana maskini akapoteza kazi na jina lake mbele yangu, kwa kosa langu, nikaendelea kukomunika. Soma 1 Wakorintho 11 kuanzia aya ya 27 ujue nilikuwa nacheza na nini.

Majilio ya mwaka jana tulikuwa na mafungo ya vijana wa VIWAWA. Alikuja padre mgeni. Yeye hawezi kusimulia nilichomwambia, siri ya maungamo inamfunga mpaka kufa. Mimi ya kwangu naweza. Nilimwambia yote, kuanzia mazoezi ya kwaya. Hakunikaripia. Alipoona nimemaliza aliuliza swali moja: na yule kijana sasa yuko wapi?

Sikujua. Miezi sita, sikujua hata anakaa mtaa gani.

Akanieleza kwamba ondoleo linafuta dhambi, ila mlango wa mtu na kazi ya mtu havirudi vyenyewe. Hayo natakiwa kuyatengeneza mimi kadiri ninavyoweza. Nikajitetea. Nikasema, Padre, nikimwambia bosi nitafukuzwa. Akasema inawezekana. Nikauliza, kwa hiyo nisipomwambia Mungu hanisamehe? Akasema, mimi siulizi utafanikiwa kiasi gani, nauliza kama unakusudia kwenda. Unakusudia?

Nilinyamaza. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, nikasikia mtu anakohoa. Padre alisubiri tu. Nikasema, ndiyo Padre. Akanyoosha mkono.

Sijawahi kuyasikia maneno yale ya ondoleo kama siku hiyo. Nimeyasikia tangu darasa la nne.

Januari nilimfuata bosi ofisini baada ya wenzangu kuondoka. Nilimsimulia. Alikaa kimya muda mrefu, halafu hakusema habari ya mlango wala ya fedha. Alisema, kwa hiyo nilimfukuza mtoto wa watu. Alirudia mara mbili. Sikuwa nimefikiria kwamba nimemtia na yeye dhambini bila kujua kwake, nimemfanya mdhalimu kwa mikono yake mwenyewe. Hakunifukuza. Ananikata elfu hamsini kila mwezi, itafika miezi saba. Zakayo alirudisha mara nne (Lk 19:8), mimi nimepewa unafuu.

Kwa mzee nilikwenda nyumbani. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema mlango si umeshapigwa rangi, unanisumbulia nini? Kisha akabadili mawazo, akanichukua mpaka kwenye gari. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua zuri. Akasema, angalia. Wanaopiga rangi wanajua jambo hili: nyeupe ni rangi ngumu kuifananisha. Kivulini huwezi kuona tofauti. Juani weupe wa mlango ule na weupe wa gari ni ndugu, si mapacha. Aliniacha niangalie. Akaniambia kila asubuhi akifungua gari anaona. Halafu akaniuliza kama nimekunywa chai.

Dogo nilimpata Februari, Mbagala, kwenye kijiwe cha bodaboda. Anaendesha pikipiki ya mtu, kila jioni anapeleka hesabu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nimejiandaa hata kupigwa, kwa kweli. Nilimwambia ni mimi niliyekata, na bosi anajua, na yuko tayari kumrudisha kazini hata kesho. Akaendelea kufuta taa ya pikipiki. Akasema, kaka, mimi nilikuwa nadhani labda ni mimi.

Sikumwelewa. Akasema, nilifikiri labda wakati nasafisha kuna kitu nilishika, sikumbuki. Mama nilimwambia ni mimi niliharibu gari la watu.

Miezi nane aliibeba. Mimi nilikuwa naamka saa tisa usiku kwa jambo nililolifanya, yeye kwa jambo ambalo hakulifanya.

Hakutaka kurudi kazini. Alisema hapana, kwa adabu kabisa, kisha akapata abiria akaondoka. Nimempigia simu mara kadhaa hapokei. Nilikwenda kwa mama yake, hiyo angalau aliniruhusu kwa ujumbe mfupi: kamwambie mama. Nilikwenda nikamwambia mama. Alilia, hakusema kama amenisamehe, na sikuuliza. Bwana Yesu anasema tukiwa tumepeleka sadaka altareni tukakumbuka ndugu yetu ana neno juu yetu, tuiache tukapatane kwanza (Mt 5:23-24). Zamani nilifikiri ukienda tu, mambo yanaisha jioni ile ile.

Kwa hiyo siandiki kama mtu aliyemaliza. Lakini nimeungama, na nakomunika nikijua ninachofanya, na usiku nalala. Kama una kitu chini ya stika, kitu unachokijua ulipokificha hata kama wengine wanapapasa hapo na kukushukuru, Kwaresima hii parokia nyingi zinaongeza muda wa maungamo. Usingoje Juma Kuu, foleni zinakuwa ndefu na mapadre wamechoka. Kama unaona aibu kwa paroko wako, nenda parokia nyingine, hakuna sheria inayokukataza. Na ukifika usitafute sentensi safi. Sema ulipokata, ulikata kwa nini, na nani alilipa.

Jumamosi iliyopita nilipita tena Mbagala. Dogo alikuwepo. Nikamwambia nipeleke kituoni, akasema panda. Hatukuongea njia nzima. Alinitoza nauli yake kamili nikampa, akarudisha chenji. Anaitwa kwa jina la mtakatifu, sitalitaja. Mwombeeni.

Tumsifu Yesu Kristo.